Sindano ya Pili Iliandikwa Jina Langu

Wifi yangu Nabwire,

Sitakuuliza hali. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa hujambo na mimi mzima wa afya, lakini wewe uko chini ya udongo wa Masinya na mimi sina afya ya kujivunia, basi tuliruke hilo. Nakuandikia kutoka dukani kwangu, kwenye meza ya kukatia nguo. Ni Jumanne mchana, shule zimefungwa, hakuna anayeshonesha sare. Nimerudisha nusu ya mlango ili wapita njia wasinione nikilia. Na kilio chenyewe si cha huzuni peke yake. Nina hasira, wifi. Nimejikasirikia mimi, nimekukasirikia wewe, na nimelikasirikia lile neno "haijulikani" ambalo limerudi tena nyumbani kwetu.

Sanyu ana uvimbe shingoni.

Binti yako, huyo huyo uliyemwacha akifundisha watoto wa chekechea kule Masaba. Alivuka mpaka akaja hapa dukani wiki chache zilizopita, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akachukua mkono wangu, akauweka chini ya koo, upande wa kulia. Kidole changu kilielewa kabla ya kichwa. Kinundu kidogo, kama harage lililolowekwa, kikipanda na kushuka anapomeza mate. Alinitazama usoni aone nitasema nini. Nilisema, "Twende Tororo."

Tumeenda. Ni kwa daktari yule yule kijana aliyekutibu wewe, yule mwembamba anayeongea polepole. Amemchoma sindano. Majibu yamerudi: haijulikani. Si nzuri, si mbaya. Kwa hiyo keshokutwa, Alhamisi, anachomwa ya pili. Na daktari ametoa agizo moja: aje na mtu mzima wa familia, aeleze mama yake alichomwa wapi, mara ngapi, na majibu yalisema nini, kwa sababu ugonjwa wa mama unaweza kumsaidia kuamua juu ya mtoto. Sanyu hakufikiri mara mbili. "Anti Nafula ndiye alikuwa na mama siku zote," alimwambia. "Yeye anajua yote."

Najua yote. Hapo ndipo nilipokwama.

Nianze mwanzo, maana huku nje watu wamekwisha kuisimulia habari yako wanavyotaka wao, na mimi nimewaacha.

Uliona uvimbe wako kwa mkono wangu. Ulikuja nikupime nguo, gomesi ya harusi ya mtoto wa jirani yenu, nikazungusha tepu shingoni, nikasema, "Wifi, umenenepa shingo peke yake?" Ukacheka. Ulisema, "Hiyo ni shibe ya muhogo." Nikapapasa, nikaona si shibe. Ulikuwa upande wa kushoto, mgumu kidogo. Wewe ulisema ni rovu, kwamba bibi yenu alikuwa nalo akazeeka nalo na hakuna aliyemchoma wala kumkata. Nilikuburura. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba ni mimi niliyekuburura kwa daktari. Siku nyingine najifariji nalo, na siku nyingi halifariji kitu.

Tororo wakakupiga picha ya shingo, wakasema kuna kinundu ndani ya tezi, wataingiza sindano nyembamba wavute chembe, wazipake kwenye kioo, kioo kisomwe kwa darubini. Ulitoka na plasta shingoni ukiwa umevimba kwa hasira. Ulikuwa umeuza mahindi na muhogo mkavu mpakani miaka yote, ukiwaona wanunuzi wakichoma magunia kwa kile chuma chao kuona ndani kuna nini. "Wifi, mimi walinifanya gunia," ulisema. "Lakini hata mnunuzi wa mahindi anachoma juu, anachoma chini. Huyu alichoma sehemu moja. Sasa akikuta mahindi mzuri, ile oza iko chini ataijua?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sikujua kwamba ulikuwa umelisema swali zima la ugonjwa wako pale barabarani, na mimi nikacheka.

Majibu yalikuja baada ya majuma. Daktari yule kijana alijaribu kutueleza kwa Kiswahili chake: "Mama, hii majibu haiko mbaya, haiko mzuri. Iko katikati. Chembe inaonyesha kitu, lakini haisemi ni nini. Turudie sindano baada ya miezi tatu." Ukamuuliza, "Ilinichoma, na bado haijui?" Akasema, "Bado haijui." Hakuona haya kusema hivyo. Wakati ule nilimdharau. Nilitaka daktari anayejua.

Miezi mitatu ilipofika ulikuwa wakati wa kupalilia mtama. Tulienda Tororo, tukaambiwa daktari anayesoma vioo hayupo, amekwenda masomoni, tusubiri. Tukarudi tena, bado. Tukarudi mara ya tatu, mlango umefungwa. Uvimbe ulikuwa umeanza kuonekana bila kupapaswa. Hapo ndipo mimi, Nafula mwenye akili nyingi, nilipopata wazo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita "mke wangu"? Mbele ya watu, sokoni, kanisani, popote. Wageni walishangaa, ukawaeleza kwa fahari: ng'ombe walioletwa na watu wa Masinya kukuoa wewe ndio hao hao baba yako aliowapeleka kwetu, kaka yako Wandera akanioa mimi. Kwa hiyo ulinioa wewe. Ulikuwa ukiingia jikoni kwangu ukafunua sufuria bila hodi, ukisema mwenye ng'ombe haombi ruhusa. Na mimi sikuchukia hata siku moja. Chochote changu kilikuwa chako, nguo, viatu, kitanda, na hata jina likihitajika.

Basi nikasema, kadi ya bima ninayo, ya kazini kwa Wandera. Hospitali ya upande wetu wa mpaka wanayo sindano na wanaye msomaji wa vioo. Umri wetu umepishana mwaka mmoja. Picha ya kwenye kadi imefifia, hata mimi mwenyewe sijitambui. Utaingia ukiwa Nafula. Ulisita kidogo tu. Ulisema, "Wakiniita Nafula nitasahau kuitika." Nikakwambia nitakufinya.

Ulivuka kwa njia ya panya, isiyo na askari, asubuhi, umevaa ile sketi yangu ya kijani. Kwenye dirisha la mapokezi mashine ya alama za vidole ilikuwa imeharibika siku hiyo, na mimi nikamshukuru Mungu. Sikia hilo, wifi. Nilimshukuru Mungu. Waliita "Nafula", nikakufinya, ukainuka, na kwenye kila kioo chenye chembe za shingo yako wakaandika jina langu.

Majibu yalipotoka tuliingia wote wawili. Yule daktari mama alikuwa mpole, mwenye miwani, anayekutazama machoni. Alisema, "Mama Nafula, majibu haya hayaeleweki vizuri. Hayajatuambia kama ni saratani au si saratani." Neno lile lile. Kisha akauliza, "Hii ni mara yako ya kwanza kuchomwa sindano ya shingo?"

Wewe ulifungua mdomo. Niliuona. Ulikuwa unataka kusema.

Nikakuwahi. Nilisema, "Ya kwanza, daktari."

Ningesema nini? Nafula hakuwahi kuchomwa Tororo. Nafula hana faili Tororo. Nikisema ya pili, ataomba karatasi ya kwanza, na karatasi ya kwanza ina jina Nabwire. Wandera angenyang'anywa kadi, labda na kazi. Hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kupepesa macho, na mdomo ukajibu. Daktari akaandika. Kisha akatuambia jambo ambalo tangu siku ile halijanitoka masikioni: "Basi tutarudia baada ya miezi mitatu. Ya pili nayo ikija hivi hivi, hatutasubiri tena. Tutaondoa upande huo wa tezi, tuupime wote."

Ya pili ikija hivi hivi. Na ya pili ndiyo alikuwa ameishika mkononi.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la famasia. Ulinishika kiwiko. Ulisema, "Mke wangu, turudi tumwambie. Hii ni ya pili." Ulisema waziwazi kabisa. Mimi nikakwambia unyamaze, watu wanasikia. Nikakwambia tutakwenda Tororo, huko una jina lako, watachoma tena, na huko ndiko itahesabiwa ya pili. Miezi michache tu. Ni nini miezi michache?

Na wewe, hapo ndipo ninapokukasirikia, kwa sababu ulishusha pumzi. Nilikujua, wifi. Ulikuwa unaogopa kisu kuliko ugonjwa. Uliogopa kuamka bila sauti kama yule mama wa Kiyeyi tuliyesimuliwa habari zake. Nilipokupa sababu ya kutorudi ndani uliichukua haraka, ukasema, "Haya basi, tutafute chai." Tukanywa chai. Ulikula mandazi mawili ukafurahi. Mimi nilidanganya, lakini wewe ungeweza kuinuka. Ulikuwa na miguu. Mlango ulikuwa hatua kumi. Kwa nini hukuinuka, Nabwire? Nimeshindwa kumuuliza mtu mwingine swali hili kwa sababu hakuna mwingine anayejua kwamba linaulizwa.

Miezi michache ikarefuka mpaka mavuno yakaisha. Msomaji wa vioo alirudi Tororo, ukachomwa kwa jina lako. Yule kijana alipapasa shingo, akakunja uso, akauliza, "Ulipimwa mahali ingine?" Ulinitazama. Nakumbuka yale macho. Ulikuwa unaniuliza mimi, na mimi nikatazama kalenda ukutani. Ukamjibu, "Hapana, ni hapa tu." Mara hiyo ulidanganya wewe, tena kwa ajili yangu, ili kadi yangu isiguswe na ndoa yangu isitikisike. Ulinilinda kwa shingo yako mwenyewe.

Majibu, unayajua. Ya katikati. Kwake yeye hayo yalikuwa ya pili, akaandika barua ya upasuaji siku hiyo hiyo bila kutusumbua. Foleni ya upasuaji ikachukua muda wake. Walipokufungua walikuta tezi imepasua ganda lake, na picha ya kifua ikaonyesha mapafu yana madoadoa. Ulirudi nyumbani ukiwa na sauti yako. Kisu ulichokiogopa hakikukugusa sauti hata kidogo. Uliniambia, "Ona, naongea." Uliongea miezi minne, kisha pumzi ikaanza kukatika, kisha ukaenda.

Nikwambie mazishi yako, kwa sababu nadhani ungetaka kujua. Watu walijaa. Wachuuzi wa mpakani, wale mliokuwa mkipanga magunia pamoja, walifunga vibanda vyao wakaja wote. Akina mama wa kanisa waliimba mpaka sauti zikakauka. Kisha kaka yako akasimama kuongea. Wandera, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Alisema mbele ya ukoo wote na mbele ya mchungaji kwamba daktari wa Tororo amemuua dada yake. Kwamba alimchoma, akamrudisha nyumbani, akamchoma tena, akamrudisha, akamchezea mpaka ugonjwa ukakomaa. Alimtaja kwa jina. Watu wakaitikia. Mzee mmoja akasema kijana yule asikanyage tena Masinya. Na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevaa nyeusi niliyoishona kwa mkono wangu, nikasikiliza mtu asiye na kosa akibebeshwa kosa langu, na nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu.

Miezi miwili baadaye simu iliita nikiwa napiga pasi. Sauti ya msichana wa hospitali ya huku, laini: "Habari Mama Nafula, tunaona hukurudi kwa sindano ya kurudia." Kwao wewe bado u hai. Kwao mimi ndiye mwenye uvimbe, mzembe, nisiyejali shingo yangu. Nilimwambia nimepona. Akasema, "Mama, uvimbe huo hauponi wenyewe, tafadhali njoo." Alinibembeleza. Nilikata simu, pasi ikaunguza kola ya mtu.

Siku hizi kila nikioga napapasa shingo yangu. Hakuna kitu. Ni shingo nzima, haina doa. Nimeandikwa mgonjwa na sina ugonjwa, wewe uliyekuwa nao huku hukuandikwa kabisa. Nikifikiria hilo nataka kuvunja kitu, na humu dukani vitu vyote ni vya watu.

Sasa unaelewa kwa nini Alhamisi naiogopa. Nikinyamaza, daktari atafungua faili lako, ataona ulichomwa mara mbili, ataona muda uliopita kati ya sindano na sindano, na ataamini kwamba ugonjwa wako ulikwenda mbio sana baada ya ile ya kwanza, au atajilaumu mwenyewe, sijui. Ataamua juu ya Sanyu akiwa na hadithi yenye tundu katikati. Nikisema, Sanyu atakuwa amekaa pale pale. Atasikia. Mtoto wako anakula kwangu, ananiita anti kwa sauti ile ile yako, na ndiye pekee aliyebaki wa kufungua sufuria zangu bila hodi.

Mteja amegonga. Naacha hapa.

*

Ni Ijumaa asubuhi. Sikuweza kuandika jana.

Tulikwenda. Njiani Sanyu aliniegemea bega akasinzia, kwa sababu alikuwa hajalala usiku kucha kwa woga. Nilisema moyoni nisimwambie kitu mpaka afungue macho. Alipofungua nikasema moyoni mpaka tufike. Tulipofika nikasema mpaka tuitwe. Unanijua.

Daktari amekonda zaidi. Habari za Masinya zilimfikia, kumbe, kwa sababu aliponiona alisimama kwanza, akanisalimu kwa mikono miwili, kama mtu anayetarajia kupigwa. Faili lako lilikuwa juu ya meza. Amelitunza. Akamwambia Sanyu, "Mama yako tulichoma mara mbili. Yote ilikuwa ya katikati. Mimi nataka kujua, kati ya hiyo mbili, alipimwa ingine?" Akanigeukia mimi. Aliuliza kwa heshima, bila mtego.

Nikasema ndiyo.

Niliyasema yote, wifi. Kadi, sketi, dirisha, jina. Nilisema majibu ya upande wetu yalikuwa ya katikati pia, na kwamba tuliambiwa ya pili ikiwa hivyo utakatwa, na kwamba tulijua. Sikusema "tulidhani". Nilisema tulijua. Nilikuwa natazama mikono yangu, ina alama za sindano yangu mwenyewe, ya cherehani.

Nilitegemea afoke. Ingenisaidia. Aliweka kalamu chini na kusema, "Mama, ungeniambia ile siku, mimi ningemtuma kwa upasuaji hiyo wiki." Basi. Nikamuuliza kama ungepona. Akasema hajui. Huyu mtu na kutojua kwake. Labda ungepona, labda mapafu yalikuwa yameshaguswa tangu zamani, hakuna wa kusema. Nilitaka aseme moja, lolote, hata lile baya. Akasema tena, "Kwa kweli sijui, mama," na safari hii sikumdharau. Nilimwomba msamaha kwa yaliyosemwa kaburini. Akasema watu wakizika wanasema. Lakini macho yalimjaa, akajifanya anatafuta karatasi kwenye droo.

Sanyu hakulia. Ningependa alie. Aliniuliza swali moja tu: "Mama alitaka kurudi ndani?"

Ningeweza kumpa kitu laini. Ningeweza kusema mama yako aliogopa kisu, aliridhika, alikula mandazi. Ni kweli vilevile. Lakini hakuuliza hilo. Nikasema, "Alitaka. Aliniambia turudi. Nikamkatalia."

Aliinuka, akahamia kiti cha upande wa pili wa chumba. Viti vilikuwa viwili tu upande ule, akaweka mkoba wake kwenye kile kingine.

Muuguzi alileta fomu ya sindano. Mimi kwa mazoea nikanyoosha mkono, kwa sababu siku zote mimi ndiye huwajazia watu fomu, mwandiko wangu ni mzuri. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Sanyu alikuja, akaichukua vidoleni mwangu taratibu, hakunipokonya, akasema, "Acha, anti. Jina langu nitaandika mwenyewe." Akaandika majina yote matatu, kwa herufi kubwa, akibonyeza mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Alichomwa. Safari hii daktari alichoma sehemu nne, akiongozwa na picha ya shingo, na akaangalia kioo cha kwanza palepale kabla ya kumwachia, ahakikishe chembe zinatosha. Ulikuwa sahihi kuhusu gunia. Akasema majibu ni baada ya wiki mbili, na yakija ya katikati tena hatangoja kitu, barua ya upasuaji itaandikwa siku hiyo. Kisha akaomba karatasi za upande wetu, zile zenye jina langu, ili azisome pamoja na zako. Nitazipeleka Jumatatu. Kwanza nitakwenda kwenye lile dirisha la hospitali ya huku, niseme Nafula wa kwenye faili hilo amekufa, jina lake lilikuwa Nabwire, na waandike hivyo. Wakiniitia polisi, waniitie. Kadi watachukua.

Wandera nilimwambia jana jioni, kabla jua halijazama, alipokuwa anafungua viatu. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa na kiatu kimoja mkononi. Kisha akasema, "Nilimtaja yule kijana kwa jina." Akavaa kiatu tena, akatoka. Asubuhi hii nimesikia kwa jirani kwamba alipanda gari la kwanza la Tororo. Sijui amekwenda kumwambia nini. Nadhani najua.

Sanyu amelala Masaba kwa mwalimu mwenzake. Nilimpigia mara tatu, hakupokea. Mara ya nne alituma ujumbe: "Plasta nimetoa. Sina homa." Hayo tu. Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia.

Sikuombi msamaha, wifi. Ningekuomba ungenipa haraka, ukacheka, ukadai chai, na mimi sitaki kusamehewa haraka. Nawe sijakusamehe kwa kushusha pumzi siku ile. Tubaki na deni hilo, kila mtu na lake. Lakini nakukosa mpaka mbavu zinauma. Hakuna anayeniita mke wangu tena, na sufuria zangu zinakaa na vifuniko vyake mpaka nizifunue mwenyewe.

Ninakuahidi hivi. Siku ya majibu nitakwenda Tororo, Sanyu atake asitake. Akinifukuza chumbani nitakaa nje, akinifukuza nje nitasimama barabarani. Wakimpeleka kisuni nitakuwa mlangoni mpaka atoke. Sitambeba kwa kadi ya mtu, wala kwa njia ya panya, wala kwa jina lingine. Na daktari yeyote, wa upande wowote, akimwuliza neno lolote, mimi nitafunga mdomo wangu na kumwacha mwenye shingo ajibu.

Pumzika, Nabwire.

Wifi yako,
Nafula